Barua ya wazi: Utaratibu wa Ziwa Natron uanze kabla lami haijafika

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Maliasili na Utalii. Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA). Bodi ya Utalii Tanzania. Na wakurugenzi wa halmashauri za wilaya za Ngorongoro, Longido na Monduli.

Waheshimiwa,

Salaam. Ninawaandikia nikiwa mwongoza watalii wa Kaskazini ambaye kazi yake humpeleka Ziwa Natron mara kwa mara. Nina ombi moja, nalo ni hili: kanuni za kutembelea ziwa lile ziandikwe kwa lugha nyepesi, zitangazwe na zianze kusimamiwa sasa hivi, wakati bado barabara ni ya vumbi.

Nitaeleza kwa nini ninahimiza wakati. Kwa miaka yote hii mlinzi mkubwa wa Natron amekuwa ubovu wa barabara. Ukitoka Mto wa Mbu una zaidi ya kilomita 100 za mavumbi, makorongo yanayojaa maji wakati wa masika, na mawe ya volkano yanayochana matairi. Anayefika Engare Sero, kijiji kilicho kando ya ziwa, ni mtu aliyekusudia kufika. Hali hiyo haitadumu. Kipande cha Waso hadi Sale kimeshawekwa lami, na njia nzima ya Mto wa Mbu hadi Loliondo imo kwenye mipango ya serikali. Siipingi lami hata kidogo. Mama mjamzito wa Engare Sero anaihitaji kuliko mtalii yeyote. Lakini siku itakapokamilika, gari litatoka Mto wa Mbu asubuhi, lishushe wageni ufukweni, lirudi kabla ya chakula cha mchana, na nyuma yake kutakuwa na magari mengine mengi. Ziwa lile haliwezi kupokea watu kwa namna hiyo bila kuumia, na sababu iko kwenye jiografia yake.

Natron liko kwenye mkono wa mashariki wa Bonde la Ufa, mita 600 hivi tu juu ya usawa wa bahari, na ncha yake ya kaskazini inakaribia kabisa mpaka wa Kenya. Kwenye ramani linaonekana ziwa kubwa, maana urefu wake ni kama kilomita 57 na upana kama kilomita 22. Kina chake sasa: hakifiki mita 3. Ni eneo pana sana lenye maji kidogo sana. Maji hayo yanatoka Mto Ewaso Ng'iro wa Kusini, unaoanzia kwenye miinuko ya Mau nchini Kenya, na kwenye chemchemi za moto zinazobubujika kandokando zikiwa zimebeba madini ya volkano. Hakuna mto unaotoka ziwani. Njia pekee ya maji kuondoka ni mvuke, na kwa joto la kule mvuke haukosi kazi. Maji yanapaa, magadi yanabaki, mwaka baada ya mwaka kwa maelfu ya miaka.

Kusini kuna Ol Doinyo Lengai, mlima ambao Wamaasai wanauita Mlima wa Mungu, wenye mita 2,962. Duniani kote hakuna volkano nyingine iliyo hai inayotoa uji wa moto (lava) wa aina yake. Uji wa volkano za kawaida unapita nyuzijoto 1,000 za Selsiasi. Wa Lengai una kati ya 500 na 600 hivi, unatiririka mweusi na mwepesi, kisha ukikutana na unyevu wa hewa unageuka mweupe. Wageni wengi wanaouona kwa mbali hudhani kileleni kuna theluji. Weupe ule ni magadi. Mlipuko wa mwaka 2007 ulimwaga majivu juu ya malisho na ukawahamisha watu na mifugo yao, kwa hiyo wenyeji wakisema mlima huu unaheshimiwa, wanajua wanachosema. Mlima na ziwa ni habari moja: kemia ileile inayotoka ardhini ndiyo inayolifanya ziwa liwe lilivyo.

Kwa karibu ziwa halifanani na picha za kutoka angani. Ukiacha gari na kutembea kuelekea maji, unaanza na tope la kijivu lililopasukapasuka, halafu linakuja ganda jeupe linalovunjika chini ya kiatu kwa mlio mkavu, halafu ganda linaanza kubonyea na chini yake kuna tope zito lenye joto na harufu kali. Ukitia vidole majini vinateleza kama vimepakwa sabuni, na kama una mchubuko utaujua papo hapo. Baada ya muda mfupi kiatu kimeshakuwa cheupe hadi kwenye kamba. Mbele yako, ikiwa ni kiangazi kirefu, uso wa ziwa unakuwa na rangi ya waridi, mahali pengine nyekundu kabisa, kwa sababu ya vijidudu vinavyopenda chumvi na vinavyostawi pale ambapo viumbe wengine hufa. Mgeni aliyekwishaona Serengeti na Kreta huwa ananyamaza. Mimi mwenyewe sijazoea.

Humo ndani, ambamo tungesema hamna uhai, kuna uhai uliokubali masharti magumu. Kuna perege wadogo wanaoishi kwenye maji ya chemchemi za moto pembezoni, spishi tatu ambazo makazi yao ni bonde hili la Natron. Na kuna heroe, ndege ambao wengi wanawaita flamingo.

Hapa naomba Waheshimiwa mnisikilize kwa makini. Inakadiriwa kwamba robo tatu ya heroe wote duniani wa spishi ndogo (lesser flamingo) wanazaliwa Natron. Katika Afrika Mashariki hakuna mahali pengine wanapozaliana kwa uhakika. Heroe wanaopendezesha Nakuru, Bogoria, Elementaita na Manyara, wale ambao picha zao zinauza safari za nchi mbili, wengi wao walianguliwa kwenye magadi ya Natron. Tukiliharibu ziwa hili hatupotezi kivutio kimoja cha Tanzania. Tunaondoa rangi kwenye maziwa ya Bonde la Ufa lote.

Uzazi wao unategemea vipimo finyu mno. Jike hutaga yai moja tu, juu ya kiota cha tope kilichojengwa kwenye ganda la magadi katikati ya ziwa. Maji yakijaa kupita kiasi, viota vinazama. Yakikauka kupita kiasi, fisi na mbweha wanapata njia ya kutembea hadi viotani. Panapotakiwa ni hapo katikati, ambapo maji ya kuunguza na tope lisilobeba uzito vinakuwa ngome. Mwaka 1954 mtaalamu wa ndege Leslie Brown alijaribu kuvifikia viota kwa miguu. Akakwama topeni, magadi yakamuunguza miguu vibaya, akaishia kulazwa hospitali. Mwaka 1962, maji yalipovuruga mazalia ya Natron, heroe walihamia Ziwa Magadi, upande wa Kenya, na huko chumvi ikaganda kwenye miguu ya vifaranga ikawa pingu. Watu waliingia kwenye maji yale na kuvunja pingu kwa mikono, kifaranga kimoja kimoja, wakaokoa maelfu. Ninayataja haya ili ieleweke kwamba heroe hawana mahali pa akiba pa kukimbilia. Wamejaribu, na wameumia.

Tena ni ndege mwoga. Wakishtuliwa wakati wa kulalia mayai wanaweza kuinuka kundi zima na kutorudi. Hawahitaji kupigwa risasi. Ndege ndogo ya watalii ikishuka chini ili abiria wapige picha nzuri, au droni ikirushwa kutoka ufukweni na mtu asiye na nia mbaya, msimu wote unaweza kupotea. Na msimu ukipotea si lazima mwakani wazae tena, maana hawazai kila mwaka.

Kwa hiyo la kwanza ninaloomba ni la angani. TAWA na Mamlaka ya Usafiri wa Anga wakae pamoja, wapange kimo ambacho chini yake hakuna ndege wala helikopta inayoruhusiwa kupita juu ya mazalia, na droni za burudani zipigwe marufuku ziwani mwaka mzima. Kwa nini mwaka mzima? Kwa sababu mgeni hawezi kujua ni lini heroe wanalala viotani, na askari wa getini naye hawezi kubishana na kila mtu kuhusu msimu. Katazo fupi linasimamiwa. Lenye vifungu vya "isipokuwa" halisimamiwi.

La pili ni la ardhini. Pawe na njia chache za miguu zilizowekewa alama kutoka maegesho hadi ukingoni, na hapo ukingoni pawe na mwisho. Leo kila gari linajichagulia njia yake kwenye tope, na alama za matairi juu ya ganda la magadi hubaki muda mrefu sana. Nimeona magari yakivutana kwa kamba pale ambapo hayakupaswa kufika. Umbali wa kukaa na ndege upangwe na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori (TAWIRI), sisi waongoza watalii tupewe, tutii. Kama kuna maandiko mazuri kwenye makabati ya ofisi, yafike getini yakiwa karatasi ya ukurasa mmoja ya Kiswahili na Kiingereza ambayo kila dereva anakabidhiwa pamoja na risiti.

Nikitaja risiti, nakuja kwenye malipo. Mgeni wa Natron anasimamishwa zaidi ya mara moja njiani, kwenye vizuizi tofauti, na kila kimoja kina malipo yake. Sina neno na halmashauri kukusanya mapato. Vijiji vya kule vina haki ya kufaidika na ardhi yao. Kinachoumiza ni mgeni kulipa hapa, kulipa pale, kufika mbele na kulipa tena, bila mtu yeyote kumwonyesha fedha ile inafanya nini. Mgeni anaanza kudhani anaibiwa, na anayesimama katikati kujibu ni mwongoza watalii. Wekeni malipo ya pamoja, yenye namba moja ya malipo inayolipwa kabla ya safari, na mgawo wake uandikwe wazi: halmashauri fungu lake, uhifadhi fungu lake, kijiji fungu lake. Fungu la kijiji libandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji pamoja na matumizi yake. Kina mama wa Kimaasai wanaosubiri juani na shanga zao, wakiwazunguka wageni wanapofika maporomoko ya Engare Sero, wanasubiri hivyo kwa sababu mara nyingi hiyo ndiyo fedha pekee ya utalii inayowafika mkononi. Wajengewe soko dogo lenye kivuli, na hutamwona mgeni anayekimbilia garini tena.

Hapohapo Engare Sero kuna hazina ambayo ninaihofia kuliko ziwa lenyewe. Kwenye majivu ya volkano yaliyogeuka mwamba kuna nyayo za binadamu zaidi ya 400. Umri wake unakadiriwa kuwa kati ya miaka 5,000 na 19,000. Watafiti waliozipima wanasema kundi moja la watu 17 lilitembea pamoja kuelekea upande mmoja, na wengi wao yaelekea walikuwa wanawake. Unapiga goti kando ya unyayo mmoja na unaona vidole vitano, kisigino, na jinsi uzito ulivyoegemea upande wa nje. Kiasi cha kukufanya utazame ulikotoka. Nyayo hizo ziko wazi kwa upepo, mvua, mbuzi na viatu. Kule Laetoli, ambako nyayo za miaka milioni 3.6 zilifukuliwa mwaka 1978, ilibidi baadaye zifukiwe tena ili zisiharibike. Za Engare Sero bado tunaweza kuziona kwa macho, na zinaweza kutunzwa bila kufukiwa kama patajengwa njia ya mbao ya kutembelea juu, pawekwe mlinzi wa kudumu anayelipwa, na idadi ya wageni kwa wakati mmoja ipangwe. Wizara ina wataalamu wa mambo ya kale. Wapewe kazi hii na fedha yake.

Ng'ambo, magharibi mwa ziwa, kuna Peninj, ambako mwaka 1964 Kamoya Kimeu aliokota taya la zamadamu lenye umri wa takribani miaka milioni moja na nusu. Njiani kuna magofu ya Engaruka, mifereji ya mawe ya wakulima waliomwagilia mashamba yao karne nyingi kabla ya mradi wowote wa serikali. Ninashangaa kila mara ninapoona tangazo la Natron lenye picha ya heroe peke yake. Mtu akija kwa siku tatu akapanda Lengai usiku wa manane ili awe kileleni kabla ya jua kali, akaona nyayo, akatembea korongo hadi maporomoko, akapita Engaruka akirudi, ameacha fedha nyingi zaidi kijijini kuliko magari kumi ya kuja na kurudi siku hiyohiyo. Bodi ya Utalii ikiliuza eneo lote la siku tatu, itakuwa imelilinda ziwa bila hata kuweka uzio.

Na Bodi inisaidie jambo jingine. Mwaka 2013 zilienea duniani picha za ndege na popo waliokauka ukingoni mwa Natron, zikasambaa na maneno kwamba ziwa hili linageuza kuwa jiwe kila kiumbe kinacholigusa. Hadi leo wageni wananiuliza kama ni salama kushuka garini. Ukweli ni kwamba wanyama wale walikuwa wamekwisha kufa, magadi yakawahifadhi, na mpiga picha akawaokota na kuwapanga wakae kana kwamba wako hai. Chumvi za aina hiyo ndizo Wamisri wa kale walizotumia kukaushia maiti zao. Ni habari nzuri tosha ikielezwa ilivyo. Nchi yetu isiuze ziwa linalozaa mamilioni ya ndege kwa jina la ziwa la mauti. Hata kwenye vijitabu vyetu wenyewe nimeyakuta maneno hayo, na yanaumiza.

Yapo mambo mawili ambayo yako juu ya uwezo wa halmashauri, nayo ninayaelekeza kwa Mheshimiwa Waziri. Moja ni magadi. Kati ya mwaka 2006 na 2008 kulikuwa na mpango wa kujenga kiwanda cha kuzalisha tani 500,000 za magadi kwa mwaka pale Natron, kwa ubia wa Shirika la Maendeleo la Taifa na Tata Chemicals. Kampuni ilijitoa, baadaye macho yakahamia kwenye akiba ya magadi ya Engaruka. Tulishusha pumzi, lakini kila serikali inapobadilisha watu, wazo linaweza kufufuka. Tanzania ililiingiza bonde la Natron kwenye orodha ya Ramsar, yaani ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa, tarehe 4 Julai 2001, zaidi ya hekta 220,000. Ahadi hiyo ipewe nguvu ya sheria yetu wenyewe, itamke kwamba magadi ya ziwani hayachimbwi kwa ajili ya kiwanda, na mradi wa Engaruka nao usiguse maji yanayoelekea ziwani. Mwenyeji anayechota magadi kidogo kwa ajili ya tumbaku au maharage asisumbuliwe. Hajawahi kuwa tatizo.

Lingine ni Ewaso Ng'iro. Mto unaanzia Kenya, na kwa muda mrefu upande ule kumekuwa na mipango ya mabwawa ya umeme juu yake. Ziwa lenye kina kisichofika mita 3 haliwezi kustahimili mto wake ukizuiwa au ukikatwa misitu kwenye chanzo, kwa sababu tofauti ya mita moja tu ndiyo inayoamua kama viota vitazama, vitafikiwa na fisi, au vitapona. Hili linahitaji mawaziri wa pande mbili kuketi na kupima: maji kiasi gani yafike ziwani kila msimu, nani ayapime, na taarifa itolewe wapi. Wakenya nao wana sababu ya kutusikiliza, kwa kuwa heroe wa Nakuru na Bogoria wanazaliwa kwetu.

Ninajua mtaambiwa kwamba masharti yanafukuza wageni. Miaka yote niliyofanya kazi hii sijaona mgeni aliyekasirika kwa kuambiwa asisogee zaidi ili ndege wasiache mayai yao. Wanaokasirika ni waliopelekwa kila mahali bila kuelezwa chochote. Sokwe wa Gombe na Mahale wanatembelewa kwa masharti makali, kwa makundi madogo na kwa saa iliyopangwa, na watu wanalipa wakishukuru.

Ninaomba, kwa hiyo, kikao kimoja Engare Sero kwenyewe, kabla ya masika yajayo. Kiwakutanishe TAWA, TAWIRI, halmashauri tatu, viongozi wa vijiji na wazee wa mila, wenye kambi, marubani wa ndege za kitalii na sisi waongoza watalii. Kisifanyike hotelini Arusha. Asubuhi tutembee ukingoni wote pamoja, tuweke vigingi mahali njia zinapoishia, na mchana tukae chini ya mgunga tuandike ukurasa ule mmoja. Wenzangu wako tayari kujitolea magari ya kuwafikisha.

Wasalaam,

Mwongoza watalii, Mto wa Mbu